Kuhesabu Ndege katika Msitu wa Arabuko-Sokoke

(Haya ni mazungumzo waliyopewa wazee, walimu na vijana wa vijiji vilivyo kando ya msitu, kabla ya safari ya kupiga kambi mwisho wa juma. Tumeyachapa hapa ili wasomaji wetu wa mbali nao wapate kufaidika.)



Nimeombwa niwaeleze habari za ndege wa Arabuko-Sokoke, na namna ya kukaa katika msitu ule siku mbili pasipo kuudhuru. Lakini najua ya kuwa wako wengi hapa wenye swali ambalo hawajalitamka kwa sababu ya adabu tu, nalo ni hili: Kuna faida gani mtu mwenye akili zake kuacha shamba siku mbili ili akatazame ndege? Ndege hao hawajazi sufuria, wala hawalipi karo. Swali hili ni la haki, nami nitajaribu kulijibu kabla sijaketi.

MSITU WENYEWE

Msitu wa Arabuko-Sokoke uko katika Kaunti ya Kilifi, kati ya mji wa Kilifi na mji wa Malindi, na barabara kuu itokayo Mombasa yapita ubavuni mwake. Eneo lake ni kama kilometa 420 za mraba. Zamani misitu ya namna hii ilienea katika pwani ya Afrika ya Mashariki, lakini imekatwa hata ikabaki vipande vipande, na hakuna kipande cha msitu mkavu wa pwani kilichosalia katika nchi zetu kilicho kikubwa kuliko hiki. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943. Siku hizi walinzi wake ni Shirika la Misitu na Shirika la Wanyamapori, wakisaidiana na vyama vya wanakijiji.

Mtu apitaye barabarani hudhani ya kuwa ni msitu mmoja. Lakini akiingia ndani ataona ya kwamba ni misitu mitatu iliyokaa bega kwa bega. Upande wa mashariki, ulio karibu na bahari na wenye mvua nyingi zaidi, pana miti mchanganyiko iliyosongamana, na mbambakofi ni mmojawapo. Katikati, juu ya mchanga mweupe, pana mirihi, miti iliyoachanachana hata jua hufika chini na nyasi huota. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu, na hapo pana miti mifupi migumu, iliyoshikana hata mtu hupenya kwa shida. Huko ndiko ulikokuwa muhuhu mwingi, ule mti ambao wachonga vinyago huupenda mno.

Nawaeleza haya kwa kuwa kila msitu una ndege wake. Atakayetafuta ndege wa udongo mwekundu katika mirihi atarudi kambini mikono mitupu, aseme hakuna ndege. Kumbe alibisha hodi katika nyumba isiyokuwa yake.

Katika mirihi, juu kabisa ya miti, huishi chozi wa Amani, ndege mdogo anyonyaye maua na kula wadudu. Huko pia hupita mnana wa Clarke. Dume lake ni jeusi kichwani na kifuani, na tumbo lake ni la manjano. Nataka mlikumbuke jina la ndege huyu, kwa maana nitarudi kwake baadaye. Kwa sasa jueni neno moja tu: katika dunia nzima mnana huyu haonekani mahali pengine popote ila katika Kaunti yetu ya Kilifi. Tajiri wa Ulaya hawezi kumwona kwao, wala mtu wa Nairobi kwake. Mwenye kutaka kumwona hana budi kuja kwenu.

VITU VYA KUCHUKUA

Kabla ya yote, pateni ruhusa katika ofisi ya msitu pale Gede, na kukubaliana na mwongozaji. Hili si jambo la heshima tu. Ndani ya msitu mna ndovu, na ndovu hana mazoea ya kusimama aulize wageni wametoka wapi. Waongozaji wetu, ambao wengi wao ni Wagiriama waliokulia kando ya msitu, wanazijua njia za ndovu, na masikio yao husikia kabla ya macho ya mgeni kuona. Mwongozaji akisema "Simameni", simameni. Akisema "Turudi", rudini, wala msianze mabishano.

Hema pigeni mahali palipowekwa kwa ajili ya kambi, si karibu na madimbwi wala juu ya njia ya wanyama. Chukueni maji kutoka nyumbani, kiasi cha lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupika, maana maji ya madimbwi ni ya wanyama na yana maradhi. Chukueni chandarua, viatu vya kufunika mguu, kofia, tochi, na dawa za kufungia jeraha. Nguo ziwe za rangi ya majani makavu au ya udongo. Shati jeupe huwaambia ndege wa mbali kwamba mnakuja. Kupika kufanyike kwa jiko la gesi au la mafuta ya taa. Msikate hata tawi moja kwa kuni, maana tawi moja la kila mgeni kwa miaka kumi ni msitu mzima.

Na sasa vile vyombo vya kazi yenyewe. Chombo cha kwanza ni daftari. Cha pili ni kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hutiririka daftari likilowa umande. Cha tatu ni darubini. Nimetaja darubini mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi hudhani kwamba asiye na darubini hana kazi msituni. Sivyo. Darubini moja yaweza kutumiwa na watu watatu kwa zamu: mmoja atazame, mmoja asikilize, mmoja aandike. Nawe utakayeishika, kwanza mkazie ndege macho yako matupu, kisha inua darubini mpaka machoni pasipo kuondoa macho kwake. Wanaoinua darubini kwanza huishia kutazama majani tu.

ALFAJIRI YA JUMAMOSI

Ndege hawangojei mtu anywe chai. Saa 11 na nusu alfajiri muwe mmekwisha kuvaa, na kutakapopambazuka muwe njiani. Saa tatu za kwanza za mchana zina faida kuliko saa zote zilizobaki, kwa maana jua likipanda ndege hunyamaza na kujificha.

Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, polepole, pasipo maongezi. Kila baada ya hatua hamsini simameni dakika tano. Mtu anayekwenda huona ndege wanaomkimbia. Mtu aliyesimama huona ndege wanaorudi. Mtasikia hondohondo wakilia juu ya miti mirefu, na mabawa yao yakivuma kama upepo. Mtawasikia kororo, wale kanga wenye kishungi, wakipekua majani makavu. Na huenda mkabahatika kupishana na kundi la ndege wa aina nyingi wanaosafiri pamoja juu ya miti, hawa wakila wadudu wa magome, hawa wakila wa majani. Likipita kundi hilo msilifuate mbio. Kaeni mlipo, mhesabu moja moja.

Msisahau kutazama chini pia. Mkisikia mchakato wa ghafula katika majani makavu, huenda ni sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Mnyama huyu mdogo, mwenye pua ndefu na uzito wa kama nusu kilo, naye ni wa pwani yetu ya Kenya peke yake, na sehemu kubwa ya kabila lake imo katika msitu huu. Dume na jike hukaa pamoja katika eneo lao, na hujenga viota kadhaa vya majani, ili adui asijue wamelala katika kipi.

KANUNI ZA DAFTARI

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo matembezi yanapogeuka kuwa kazi.

Juu ya ukurasa andikeni tarehe, mahali, saa mliyoanza, saa mliyomaliza, na hali ya hewa. Chini yake andikeni kila aina ya ndege kwa utaratibu mliomwona au kumsikia, wa kwanza awe wa kwanza, na wa mwisho awe wa mwisho. Kisha andikeni idadi. Kwa ndege msiyemjua jina, andikeni umbo lake: Je, ni mkubwa kama shomoro, kama njiwa, au kama kunguru? Mdomo wake ni mfupi au mrefu, umenyooka au umepinda? Miguu yake ni ya rangi gani? Alikuwa chini, katikati, au juu ya mti? Alifanya nini? Alilia namna gani? Muulizeni mwongozaji jina la Kigiriama mliandike nalo, kwa maana majina ya wazee mara nyingi yamebeba habari za tabia na sauti ya ndege, ambazo vitabu vya wageni havina.

Hapa Kenya iko ramani ya ndege inayotengenezwa tangu mwaka 2013, ambayo imeigawanya nchi yote katika miraba yenye upande wa kilometa 9 hivi. Kila mwananchi aweza kuipelekea hesabu ya mraba wake. Sharti lake ni kwamba mtu ajitahidi kutafuta kwa muda usiopungua saa 2, na karatasi moja isizidi siku 5. Siku zenu mbili, basi, zinatosha kabisa. Kwa simu au kwa intaneti hesabu yenu hufika Nairobi, ikaungana na hesabu za watu wa Turkana, wa Kakamega na wa Taita, nanyi mtahesabiwa miongoni mwa mashahidi wa nchi.

Lakini ushahidi wataka uaminifu. Msiandike ndege mliyetamani kumwona. Mkimwona nusu, andikeni kwamba mmemwona nusu. Na mkitembea saa nzima pasipo kumwona yule ambaye zamani alikuwa kawaida mahali pale, liandikeni neno hilo pia, kwa maana kukosekana kwake ni habari. Ndege mmoja aliyeandikwa kwa uongo huwaharibu mia walioandikwa kwa kweli.

BUNDI WA UDONGO MWEKUNDU

Jumamosi jioni mwongozaji atawapeleka upande wa udongo mwekundu kumsikiliza bundi mdogo wa Sokoke. Najua wazee wetu wengi hawapendi sauti ya bundi karibu na nyumba, kwa kuwa imesemwa tangu zamani kwamba ni ndege wa msiba. Mimi sikuja kubishana na wazee. Nasema tu kwamba bundi huyu haji nyumbani kwa mtu. Urefu wake haupiti shibiri moja, chakula chake ni wadudu, na mchana hulala katika vichaka, mara nyingi wawili wawili wakiwa wamegusana mabega. Wako wa rangi ya majivu, wako wa rangi ya udongo, na wako wa kahawia iliyoiva, nao wote ni kabila moja. Sauti yake ni mluzi mfupi unaorudiwa mara kadhaa.

Wataalamu hawakujua habari zake mpaka mwaka 1965, alipopatikana katika msitu huu huu. Baadaye alionekana pia chini ya milima ya Usambara nchini Tanzania. Zaidi ya hapo hakuna mahali pengi panapojulikana kuwa na bundi huyu.

Sasa angalieni faida ya kuhesabu. Mwaka 1993 bundi hawa walihesabiwa, ikakadiriwa kwamba jozi zao ni kama 1,000. Mwaka 2008 wakahesabiwa tena mahali pale pale, ikakadiriwa kwamba zimebaki kama 800. Mtu apitaye usiku mmoja hawezi kuutambua upungufu huo kwa masikio yake. Angesikia mluzi, akasema, "Bundi wako, hakuna neno." Ni daftari la kwanza na daftari la pili, yakiwekwa pamoja, yanayosema kweli. Na sababu mojawapo iliyotajwa ni kukatwa kwa muhuhu na miti mingine yenye mashimo. Maana bundi huyu hutaka miti ya namna hiyo, na mti wenye shimo hauoti kwa mwaka mmoja wala kwa kumi.

Mkimsikia, basi, msimmulike kwa tochi muda mrefu, wala msimpigie sauti ya bundi kutoka kwenye simu mara kwa mara ili aje karibu. Yeye hudhani kwamba adui ameingia kwake, akaacha kuwinda na kulisha watoto ili apigane na mtu asiyekuwapo. Msikilizeni, mwandike, mwondoke.

WAGENI WA MIDA

Jumapili, mkiisha kufunga hema na kuokota takataka zote, mtateremka mpaka hori ya Mida, iliyo upande wa pili wa barabara. Hapo mikoko imejengewa njia ya mbao, itembeayo juu ya matope mpaka mahali pa kutazamia. Nendeni wakati maji yanapojaa, si yanapokupwa. Maji yakiwa mbali, ndege nao huwa mbali. Maji yakija, huwasukuma mpaka karibu nanyi.

Humo mtawaona vitwitwi na sululu kwa mamia. Baadhi yao, wenye uzito usiofika hata kilo moja ya kumi, wamezaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa dunia, na kila mwaka huja kwetu kukimbia baridi. Hukaa tangu mwezi wa Septemba au Oktoba mpaka Aprili, wakila minyoo na kaa wadogo ili kupata mafuta ya safari ya kurudi. Mtamwona pia ndege mrefu mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, alaye kaa. Yeye hutaga katika mashimo anayoyachimba mchangani, katika pwani za Somalia, Omani na Ghuba. Wazee wetu walizoea kuwaona mabaharia wa Omani wakija kwa upepo wa kaskazi. Ndege huyu naye ni msafiri wa njia ile ile, na yeye hajaacha kuja.

JIBU LA SWALI

Sasa nitajibu lile swali la mwanzo.

Sisemi kwamba shida za watu walio kando ya msitu si za kweli. Ndovu wamekula mahindi ya watu, nyani wamechimbua mihogo, na mashamba yamegawanywa kati ya ndugu hata hayatoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi wa hapa walitaka msitu ukatwe, wagawiwe ardhi. Na mtu aliyelala na njaa akitazama miti asiyoruhusiwa kuigusa, huwezi kumlaumu kwa kufikiri hivyo.

Tangu wakati ule yameonekana mambo mengine. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo hapo Gede, na wakulima wakaanza kufuga viwavi wa vipepeo wa msituni na kuuza mabuu yao kwa nyumba za maonyesho ng'ambo. Kipepeo hutaka mmea wake, na mmea hutaka msitu. Hivyo mkulima alianza kuwa na sababu mfukoni mwake ya kuutaka msitu usimame. Tangu mwaka 2001 iko pia misaada ya karo kwa watoto wa sekondari wa vijiji vya kando ya msitu, na sehemu ya fedha zake imetokana na ada wanayolipa wageni pale Mida. Kwa hiyo, aliyesema ndege hawalipi karo, na aulize katika vijiji hivi. Atawapata vijana waliosoma kwa ajili yao. Sisemi kwamba fedha hizo zinamtosha kila mtu. Nasema tu kwamba zipo, na kwamba msitu ukianguka hazitakuwapo.

Lakini liko jibu lililo kubwa kuliko fedha. Nimewaomba mlikumbuke jina la mnana wa Clarke. Ndege huyu aliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1913. Tangu siku hiyo wataalamu walitafuta kiota chake wasikipate. Wazungu walikuja na kwenda. Ndege alionekana akipita juu ya mirihi, kisha hutoweka, wala hapakuwa na mtu aliyejua anakozalia. Miaka mia ilipita hivyo. Mwaka 2013 ndipo viota vilipopatikana, katika kinamasi cha maji ya mvua huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki, na waliokuwamo katika kutafuta huko ni wanavijiji wa pale pale, waliokuwa wamejifunza kutazama na kuandika. Kinamasi chenyewe hujaa miaka ya mvua njema tu. Mgeni wa siku mbili angepita akaona ni bonde kavu. Mwenyeji ndiye ajuaye ni mwaka gani maji yamekuja.

Tena fikirini, kabla ya hapo kidogo palikuwa na mpango wa kufyeka eneo kubwa la Dakatcha ili kupanda mbono kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Wanakijiji wengi walipinga, pamoja na watetezi wa ndege, na mwishowe mpango ukakataliwa. Kama ungaliendelea, pengine mnana huyu angalipoteza mahali pake pa kuzalia kabla binadamu hajapafahamu. Na hapa Arabuko-Sokoke, mwaka 2016, palitokea mpango wa kupasua njia msituni ili kutafuta mafuta ardhini. Watu wa kando ya msitu walisimama wakakataa, na kazi ile ikazuiwa.

Katika mabishano ya namna hiyo, mwenye mpango huja na karatasi: ramani, hesabu, na ahadi za kazi. Mwanakijiji akija na maneno matupu, atasikilizwa kwa heshima na kusahauliwa. Lakini akija na daftari lisemalo, "Tarehe fulani, saa fulani, mahali fulani, tuliona ndege hawa, idadi yao ni hii, na mwaka uliofuata ilikuwa hii," basi hapo ni karatasi kwa karatasi. Ardhi isiyoandikwa habari zake huitwa pori tupu, na pori tupu hupewa mtu yeyote anayeomba. Kwa muda mrefu madaftari ya msitu huu yaliandikwa na wageni, nasi twawashukuru. Lakini mgeni ana siku yake ya kurudi kwao, na anaporudi huondoka na daftari lake.

Wala jambo hili si geni kwenu. Wamijikenda waliilinda misitu ya kaya kwa karne nyingi pasipo ua wala bunduki. Ilitosha kila mtu kujua ni nini kilicho ndani na kwa nini hakiguswi. Mwaka 2008 dunia ilikubali kuyahesabu makaya hayo katika urithi wa wanadamu wote. Kazi ninayowapa leo ni ya ukoo ule ule. Tofauti ni kwamba wazee waliweka hesabu zao moyoni, nanyi mtaziweka katika karatasi, kwa kuwa siku hizi wakubwa husoma karatasi.

Mambo ya mwisho ni haya. Jumapili jioni, kabla hamjatawanyika, kaeni pamoja na kusoma hesabu zenu kwa sauti. Palipo na tofauti ulizaneni, na mwongozaji awe mwamuzi. Kisha nakilini mara tatu: nakala moja ibaki shuleni, moja ipelekwe ofisi ya msitu, na moja ipelekwe kwenye ramani ya ndege ya Kenya. Na ile ya shuleni isifungiwe kabatini. Itundikwe ukutani pamoja na nafasi tupu chini yake, ili mwakani mwezi kama huu, watakaokwenda waandike hesabu yao kando ya hesabu yenu.

Gari litaondoka Gede saa 9 mchana siku ya Ijumaa. Atakayechelewa hatangojewa, maana hema hazipigwi gizani. Walimu wasisahau majina ya watoto na barua za wazazi. Nawatakia safari njema, na macho mazuri.